Sura ya Tano: Diski Kubwa Isiyokimbia, Diski Ndogo Isiyotosha

Ingia duka lolote la laptopu zilizotumika, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue kule Nairobi, na hutakaa muda mrefu kabla ya kuwekewa mezani mashine mbili za bei moja. Moja ina diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500. Nyingine ina SSD, hifadhi ya chipu isiyozunguka, ya gigabaiti 128. Muuzaji atakwambia hii ina nafasi na ile iko fasta, kisha atanyamaza akusubiri. Wateja wengi huondoka na ile ya 500, na huwezi kuwalaumu: 500 ni namba, inaonekana, inalinganishika na 128. Kasi huijui mpaka ufike nyumbani uiwashe.

Nitasema msimamo wangu mapema ili usiutafute hadi ukurasa wa mwisho. Kasi inunue ndani ya mashine, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuipata. Nafasi unaweza kuichomeka pembeni kwa waya. Lakini ushauri huo una mpaka wake, na ukiuvuka unakugeuka, hasa kwa mtu anayeishi kwa bando. Ndiyo maana sura hii haikuishia hapa.

Tuanze na ile diski ya kuzunguka. Ndani yake kuna sahani moja au mbili zilizopakwa tabaka la sumaku, na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea unaokwenda mbele na nyuma juu yake. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5400 kwa dakika. Gawa kwa 60, unapata mizunguko 90 kwa sekunde, yaani kila mzunguko unachukua milisekunde 11 na ushee. Mashine ikiomba kitu, mkono hujisogeza kwanza hadi kwenye njia inayohusika, kazi inayokula kama milisekunde 12. Halafu kichwa hungoja sehemu inayotakiwa ipite chini yake, kwa wastani nusu mzunguko, milisekunde 5.6. Jumlisha, unakaribia milisekunde 18. Kwa macho ya binadamu huo si muda. Kwa kompyuta maana yake ni kwamba diski hiyo haiwezi kujibu maombi zaidi ya 55 au 60 kwa sekunde, hata kama kila ombi ni la kijisehemu cha kilobaiti 4.

Sasa fikiria Windows inavyowaka. Haiombi faili moja kubwa. Inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika: fonti hapa, mipangilio pale, kipande cha antivirusi, orodha ya printa, programu ya masasisho inayojiamsha bila kuitwa. Aliyewahi kufuatilia jalada kwenye masijala ya ofisi ya zamani anaelewa kinachotokea. Karani anaweza kubeba majalada ishirini kwa mkupuo mmoja kama yamepangwa rafu moja. Mtume alete karatasi mojamoja kutoka makabati tofauti, na utaambiwa urudi kesho.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Chukua laptopu ya diski ya kuzunguka yenye Windows 10, iwashe, ingiza nywila, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka lenye safu za prosesa, kumbukumbu na diski. Safu ya diski itakuwa imekolea rangi, asilimia 100, na itakaa hapo dakika kadhaa huku kishale kikizunguka na wewe ukianza kufikiria kumpigia fundi. Usiishie kwenye hiyo asilimia. Shuka chini yake usome ni megabaiti ngapi zinazopita. Mara nyingi utakuta 1 au 2 kwa sekunde, pengine pungufu. Diski imeelemewa kabisa, na kazi inayotoka ni kidogo kuliko inayopita kwenye simu yako ukitazama video. Muuzaji aliyekwambia diski hiyo inasoma megabaiti 100 kwa sekunde hakukudanganya. Alikutajia kasi ya kusoma faili moja refu lililolala pamoja, na hiyo si kazi ambayo laptopu hufanya muda mwingi.

Hapo pia ndipo lawama nyingi zinapokwenda kwa wasiohusika. Mashine ikiwa nzito watu husema ina virusi, au imezeeka, au fundi aliyepiga Windows mara ya mwisho hakuipiga vizuri. Wanapiga upya, inakuwa nyepesi kwa wiki mbili, kisha hali inarudi kwa sababu masasisho na programu zimerudi na mkono ule mwembamba ni uleule. Na kama RAM ni gigabaiti 4, balaa linaongezeka: kumbukumbu ikijaa, Windows huhamishia sehemu yake kwenye diski, na diski iliyokuwa tayari na foleni inapewa kazi nyingine.

Watengenezaji walilijua tatizo hili kitambo, na dawa yao ya kwanza ilikuwa kuzungusha sahani haraka zaidi. Mwaka 2003 Hitachi, iliyokuwa imechukua biashara ya diski ya IBM, ilitoa Travelstar 7K60, diski ya laptopu ya mizunguko 7200 yenye gigabaiti 60. Wakati huohuo aliyeridhika na mizunguko 4200 aliweza kupata gigabaiti 80. Swali la kasi au nafasi lilikuwa hivyo kwa miaka mingi, na lilibishaniwa kwa joto kubwa kuliko lilivyostahili. Piga hesabu: mizunguko 7200 kwa dakika ni 120 kwa sekunde, kwa hiyo nusu mzunguko ni milisekunde 4.2. Mkono bado unajisogeza kwa mwendo wake wa zamani. Ukilinganisha na diski ya 5400, umeokoa milisekunde moja na nusu hivi katika kumi na nane, ukalipia kwa joto zaidi na betri kidogo zaidi.

Tena nafasi na kasi hazikuwa maadui kama maduka yalivyozipanga. Sahani yenye nafasi kubwa imebanwa biti nyingi zaidi katika kila milimita ya njia, kwa hiyo mzunguko mmoja hupitisha biti nyingi zaidi chini ya kichwa. Diski ya terabaiti 1 ya mizunguko 5400 ya miaka ya 2010 ingeweza kunakili filamu haraka kuliko diski ya gigabaiti 80 ya mizunguko 7200 iliyoitangulia kwa miaka kumi. Ukiwa bado na diski ya kuzunguka na unachagua kati ya 5400 kubwa na 7200 ndogo, chukua kubwa ulale usingizi.

Dawa yenyewe ilitoka upande mwingine kabisa. Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba walitangaza chipu za NAND mwaka 1987, kumbukumbu inayobaki na data hata umeme ukiondoka, isiyo na sahani wala mkono. Ilichukua miaka ishirini kabla chipu hizo hazijafika kwenye laptopu za kawaida, na zilipofika zilikuja kwa bei ya kuumiza. MacBook Air ya kwanza, Januari 2008, iliuzwa na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 80 ya mizunguko 4200. Aliyetaka SSD ya gigabaiti 64 aliongeza dola 999. Yaani alilipa dola elfu kasoro moja ili apunguziwe gigabaiti 16, na wapo waliolipa.

Walichokuwa wananunua ni hiki: kwenye SSD ya kawaida ombi dogo hujibiwa kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Yale maombi 60 kwa sekunde yanakuwa kama elfu kumi. Hakuna prosesa mpya wala RAM ya kuongeza inayoleta tofauti ya namna hiyo katika laptopu ya kawaida, na ndiyo sababu mashine ya mwaka 2013 iliyowekewa SSD huonekana kuwa mpya, ilhali mashine mpya yenye diski ya kuzunguka hukasirisha tangu siku inapotolewa kwenye boksi. Kwa upande huu sina mengi ya kubembeleza. Windows isikae kwenye diski ya kuzunguka. Mwenye duka akikuuzia hivyo kwa bei nzuri, hesabu bei ya SSD juu yake kabla hujasema ndiyo.

Baada ya hapo biashara inageuka, na wengi hawaoni inapogeukia. SSD zenyewe zina makundi. Za SATA hufika megabaiti 550 kwa sekunde. Za NVMe zinazopita kwenye PCIe kizazi cha tatu hufika 3500, na za kizazi cha nne 7000. Namba hizi zimewatoa watu fedha nyingi bila sababu, kwa kuwa nazo ni za kusoma faili moja refu. Kwenye vipande vidogo, vinavyoombwa kimojakimoja kama Word inavyofanya ikifunguka, yale maombi elfu kumi ya SATA yanakuwa elfu kumi na tano hivi kwenye NVMe nzuri. Ni zaidi, lakini mikono yako haitajua. Kwa hiyo ukiwa na akiba ya kununua kimoja tu, NVMe ya haraka ya gigabaiti 256 au SATA ya 512, na mashine inapokea zote, nunua ya 512. Kasi muhimu umekwisha kuipata ulipoachana na sahani. Shilingi inayofuata iende kwenye nafasi.

Nasema hivyo nikiwa na hali zetu kichwani. Ushauri ulioandikwa Ulaya na Marekani husema SSD ndogo inatosha, mengine weka mtandaoni. Anayesema hivyo ana faiba nyumbani isiyopimwa. Chukua gigabaiti 500 za picha na video, uzipandishe kwa laini inayotoa megabiti 10 kwa sekunde bila kuyumba: ni sekunde 400,000, zaidi ya saa 111, zaidi ya siku nne na nusu za mashine kutozimwa. Nani ana laini ya kupandisha isiyoyumba siku nne na nusu mfululizo? Na siku utakapozihitaji utazishusha kwa bando lilelile. Mtandao ni mahali pazuri pa kuweka nakala ya tasnifu, hesabu za duka na vyeti vilivyopigwa picha. Si stoo ya kuweka kila kitu.

Mtazame mpiga video za harusi. Kamera yake inarekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili zikifanya kazi saa sita, kuanzia bibi harusi anapovishwa hadi keki inapokatwa ukumbini, ni gigabaiti 540, na Jumamosi ijayo kuna send-off, na kitchen party katikati ya wiki. Kumwambia mtu huyu anunue SSD ya gigabaiti 256 kwa sababu ni ya haraka ni kumfungia duka. Lakini kumpa diski ya kuzunguka ya terabaiti 1 ndani ya laptopu nako ni kumtesa, maana programu ya kuhariri huruka kutoka klipu hadi klipu, na kila kuruka ni milisekunde kumi na nane zile. Anachohitaji ni SSD ya kutosha kazi moja iliyo mikononi, gigabaiti 512 ikiwa kazi zake ni ndogo na terabaiti 1 ikiwa ni kama hiyo niliyoitaja, pamoja na diski mbili za kuzunguka za nje kwa kazi zilizokwisha. Nasema mbili kwa sababu moja ikianguka, ndoa ya watu imeanguka nayo.

Mwenye kuhifadhi filamu yuko upande wa pili. Filamu ya saa mbili ya gigabaiti 4 inahitaji kidogo zaidi ya nusu megabaiti kwa sekunde ili ichezwe bila kukatika. Diski ya kuzunguka ya zamani kabisa inaiweza huku inasinzia. Kulipia SSD kwa ajili ya kulaza filamu na kaswida na mahubiri ni kutupa hela. Diski ya nje ya bei nafuu itazibeba miaka mingi, alimradi huibebi ikizunguka.

Mpaka niliousema mwanzoni unapatikana kwenye SSD ndogo mno. Gigabaiti 128 za kwenye stika Windows itazionyesha kuwa 119, kwa sababu kiwanda huhesabu kwa maelfu na Windows huhesabu kwa 1024. Vivyo hivyo 256 huonekana 238 na 500 huonekana 465, wala hakuna aliyekuibia. Katika 119 hizo, Windows 11, masasisho yake na Office hula gigabaiti 50 kwa urahisi. Ongeza WhatsApp ya kompyuta inayoshusha kila video ya kila kundi, ongeza folda ya vitu ulivyopakua ambayo hujaifungua tangu mwaka jana, na baada ya miezi michache mstari unakuwa mwekundu.

SSD iliyojaa haiishii kujaa tu, inapunguza mwendo. Chipu za NAND haziandiki juu ya kilichoandikwa. Lazima zifute kwanza, na hufuta kwa bunda kubwa la megabaiti kadhaa hata kama unabadilisha ukurasa mmoja. Kukiwa na nafasi tupu, kazi hiyo hufanyika kimyakimya wakati umepumzika. Kukijaa, hufanyika ukiwa unangoja. SSD za bei rahisi, hasa zinazobana biti nne kwenye kila seli, huwa zimetenga eneo dogo la kuandikia haraka. Ukinakili gigabaiti 60 kutoka kwenye kadi ya kamera, mwanzo unaona 450 kwa sekunde unafurahi, kisha eneo lile linajaa na mwendo unashuka chini ya 100, chini ya ile diski ya kuzunguka uliyoitoa. Acha asilimia 15 hadi 20 wazi siku zote. Kwenye 128 hiyo ni anasa, kwenye 512 ni kawaida.

Kuna sababu nyingine ya kupenda SSD kubwa, nayo ni ileile tuliyoiona kwenye sahani: nafasi huja na kasi. Chipu zikiwa nyingi hufanya kazi kwa pamoja. Apple ilipotoa MacBook Air yenye M2 mwaka 2022, ile ya gigabaiti 256 iliwekewa chipu moja ya hifadhi, na wapimaji wakakuta inasoma kwa takriban nusu ya mwendo wa toleo lililotangulia lenye nafasi ileile. Kwa mashine za namna hiyo uamuzi ni wa kudumu, kwa kuwa hifadhi imechomelewa kwenye bodi. Ndivyo ilivyo pia kwa vilaptopu vidogo vya bei ya chini vyenye hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 32 au 64. Windows 11 inadai angalau 64, kwa hiyo vile vya 32 ni vya kuvipita mezani bila hata kuuliza bei.

Wanaonunua laptopu za ofisi zilizotumika wana bahati ambayo mara nyingi hawaijui. HP EliteBook 840 G3, kwa mfano, iliyojaa madukani kwetu, ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 na tundu la M.2 pia, kwa hiyo unaweza kuweka Windows kwenye SSD ndogo ya M.2 na kuiacha diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 iwe stoo. Laptopu zenye sehemu ya DVD nazo hufungika vivyo hivyo: mwambie fundi atoe DVD, ambayo huitumii, aweke kibebeo cha diski. Swali la kasi au nafasi linafutika kwa bisibisi. Kazi yenyewe si kubwa. Fundi huchomeka SSD mpya kwa waya wa USB, ananakili mfumo mzima kutoka diski ya zamani, anafungua kifuniko cha chini, anabadilisha, anawasha. Kaa naye. Hakikisha mafaili yako yamehama kabla diski ya zamani haijafutwa, na diski hiyo urudishiwe. Ni yako, na kwa kasha la USB inakuwa diski ya nje siku hiyohiyo.

Angalizo moja kuhusu SSD, kwa waliozoea kuokolewa na mafundi. Diski ya kuzunguka ikitaka kufa huwa inalia, inagonga, inasuasua. Unapata muda wa kunakili. SSD huweza kufa asubuhi moja bila kukohoa. Na ukifuta faili kwenye SSD, Windows huiarifu kuwa sehemu hiyo haihitajiki tena, chipu zinaisafisha, na programu za kurudisha vilivyofutwa hazikuti kitu.

Ukiwa bado dukani, kabla ya kutoa hela, omba uwekewe CrystalDiskInfo, programu ya bure na ndogo. Itakuonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Saa 30,000 ni zaidi ya miaka mitatu ya kuwaka mchana na usiku. Diski za nje na fleshi zinazouzwa kama za terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana zipime kwa H2testw, inayoandika na kusoma mpaka mwisho wa nafasi. Nyingi zitagundulika zina gigabaiti 32 au 64 tu na kilichobaki ni maandishi ya kasha. Kwenye diski ya kuzunguka tazama pia mstari wa sekta zilizohamishwa. Ukiwa na namba yoyote zaidi ya sifuri, usibishane sana: mwambie muuzaji aitoe diski yake abaki nayo, apunguze bei, na mashine uichukue tupu uifungie SSD yako.